Je, wajua kwa nini utando wa plastiki huvimbishwa kwanza ndipo upitishe umeme?

Plastiki tumeizoea kama kihami, yaani kitu kinachozuia umeme, na ndiyo maana nyaya za majumbani huvikwa plastiki. Hata hivyo, tarehe 23 Novemba 1976, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, Hideki Shirakawa na wenzake waliuweka utando wa poliasetilini, aina ya plastiki, kwenye mvuke wa bromini, na uwezo wake wa kupitisha umeme ukapanda mamilioni ya mara kwa dakika chache. Yeye, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walitunukiwa Nobeli ya kemia mwaka 2000. Kutia kemikali ya namna hiyo huitwa kudopu, nayo kemikali yenyewe dopanti.

Mfano unaoonyesha vizuri kinachotokea ndani ni polima (molekuli ndefu kama mnyororo, ambayo ndiyo plastiki yenyewe) iitwayo P3HT. Uti wake ni mnyororo wa pete ndogo, kila pete ikiwa na atomu nne za kaboni na moja ya salfa, na kwenye kila pete umening'inia mkia wa kaboni sita. Katika sehemu zenye mpangilio mzuri, minyororo hulala bapa, uso kwa uso, kwa umbali wa takribani nanomita 0.38 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), huku mikia ikitenganisha safu moja na nyingine kwa takribani nanomita 1.6.

Dopanti yake maarufu ni F4TCNQ, molekuli yenye uchu mkubwa wa elektroni. Ukizichanganya mbili hizi katika kimiminika kimoja, polima iliyodopiwa huganda kuwa mabonge na utando hutoka ukiwa na uso usio laini. Kwa hiyo watafiti wengi hutandaza kwanza polima peke yake, kisha huilowesha kwa dopanti iliyoyeyushwa katika dikloromethani, kimiminika cha kuyeyushia. Klorofomu ingeuyeyusha utando wote, lakini dikloromethani huuvimbisha tu, kama maharage yaliyolowekwa, na dopanti hupenya hadi ndani. Kimiminika kikishakauka, dopanti haitoki tena, kwa kuwa imekwisha kupora elektroni: yenyewe sasa ina chaji hasi, mnyororo una chaji chanya, na chaji hizo zinavutana.

Hapo ndipo umbo la molekuli linapobadilika. Kabla ya kuporwa, vifungo maradufu, yaani vile vinavyoshikanisha atomu kwa jozi mbili za elektroni, vilikuwa ndani ya pete, na pete moja iliungwa na jirani yake kwa kifungo kimoja kinachoruhusu kujipinda. Elektroni ikiondoka, vifungo maradufu husogea kuelekea kwenye maungio ya pete, nayo maungio hayo hufupika na kukakamaa, hivyo mnyororo hunyooka na kuwa bapa zaidi katika eneo la pete kadhaa ambako chaji imesambaa. Mabadiliko hayo yanaonekana hata kwa macho, kwani rangi ya zambarau ya utando hufifia, sehemu kubwa ya ufyonzaji wake wa mwanga ikihamia kwenye infraredi, mwanga usioonekana kwa macho.

Mtu angetarajia dopanti, iliyo bapa kama pete zenyewe, ijipenyeze kati ya nyuso za minyororo. Katika utando uliotengenezwa kwa njia hii, mionzi ya eksirei huonyesha vingine: nafasi kati ya safu hupanuka hadi takribani nanomita 1.8, ilhali nyuso zenyewe husogeleana hadi takribani 0.36. Maana yake ni kwamba dopanti imejibanza miongoni mwa mikia, na kwa maoni yangu hili ndilo jambo la kuvutia kuliko yote, kwa sababu utando huohuo unatanuka upande mmoja na kubana upande mwingine.

Mahali hapo pana faida kubwa. Dopanti iliyo karibu mno na mnyororo huishikilia chaji chanya iliyobaki kwenye mnyororo isiende popote, na umeme haupiti vizuri ingawa elektroni zimeporwa. Ndiyo sababu baadhi ya watafiti wamegeukia dopanti kubwa zaidi, ambazo chaji yake hasi imefichwa katikati ya molekuli, mbali na uti wa polima.