Smilodoni hakuwa simbamarara, na meno yale hayakuwa mikuki

"Yule simbamarara wa meno marefu alikuwa anamchomaje tembo mgongoni?" Swali hili halichoki kuulizwa. Anayeulizwa ni Smilodoni, paka mkubwa wa Amerika aliyetoweka zamani. Hakuwa simbamarara, na mgongoni hakuchoma.

Chonge za spishi ya Smilodon fatalis zilifikia karibu sentimita 18, mzizi ukiwemo; za S. populator wa Amerika Kusini, hadi 28. Watu wakisikia urefu huo wanawaza mkuki. Basi likate jino katikati ulitazame: chonge ya simba ni karibu duara, hii ni bapa kama kisu, na kingo zake zina vimeno vidogo vya msumeno. Ubapa huo unapasua nyama laini vizuri sana, lakini jino likivutwa ubavuni, au likigonga mfupa, linavunjika. Na chonge ya ukubwani ikivunjika haioti nyingine. Sasa paka gani angezikita kwenye uti wa mgongo wa mnyama anayekimbia?

Kazi ilianzia miguu ya mbele, yenye mifupa minene kupita ya simba. Alivizia, akarukia, akaangusha, akabana hadi windo lishindwe kufurukuta. Hapo ndipo alipopanua taya zaidi ya nyuzi 100 na kushindilia chonge kooni kwa misuli ya shingo, akakata mishipa na koromeo kwa mara moja. Simba hukaba koo na kungoja; huyu asingeweza, maana kwa makadirio nguvu ya kung'ata kwake ilikuwa kama theluthi ya ile ya simba. Mkia nao ulikuwa kipande tu, si wa mkimbizaji.

Babu wa simbamarara? Hapana. Nasaba zao zilitengana takriban miaka milioni 20 iliyopita.

Eti meno yalimponza hadi akatoweka? Jenasi hii iliishi nayo zaidi ya miaka milioni 2. Mikwaruzo kwenye meno yaliyotoka mashimo ya lami ya La Brea, Los Angeles, haionyeshi paka aliyetafuna mifupa kwa njaa. Alitoweka miaka kama 10,000 iliyopita, wanyama wakubwa wa Amerika walipokwisha: ngamia, farasi, mastodoni (jamaa wa tembo), slothi wa ardhini. Tabianchi na wawindaji binadamu, vyote vimo.

Nafasi yake haijazibwa. Jagwa, paka mkubwa kuliko wote Amerika leo, mara chache hupita kilo 120. Populator alikaribia 400. Hata ndege walaji mizoga waliguswa na kutoweka huko: mizoga mikubwa ya bara ilipokosekana, kondori wa California alisalia pwani, akila nyangumi waliotupwa ufukweni.