Je, wajua kwa nini mchoro wa ukutani ukiupiga picha unapoa?

Hii imewakuta wengi hapa Arusha. Unapita zako mtaani unakuta ukuta umechorwa kitu kikubwa, kimekunja kona ya jengo kikapanda na ngazi, unasimama unakodoa macho, unatoa simu unapiga picha, halafu jioni ukiwaonyesha wa nyumbani wanakuangalia tu hawaelewi ulishangaa nini. Simu haina kosa hata kidogo. Ni kwamba ulichokiona pale haikuwa rangi peke yake, kulikuwa na ukuta wenyewe, mwanga wa saa ile, na wewe unavyosogea mbele na nyuma, na vyote hivyo picha haivibebi.

Tuanze na jicho. Nyoosha mkono mbele uangalie ukucha wa dole gumba. Eneo ambalo jicho linaona kwa ukali kabisa halizidi sana hapo, ni kama digrii 2 hivi, huko kwingine kote ni ukunguukungu na ubongo ndio unajazia. Picha ya kwenye simu macho yanairukia mara chache yameshaimaliza, unaskroli unaendelea. Ukuta wa mita 10 huumalizi hivyo, lazima shingo igeuke, miguu irudi nyuma, na ukiangalia upande huu ule mwingine unabaki pembeni ya jicho unakuvuta, ndo maana unajisikia uko ndani ya mchoro kabisa.

Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa, alilielewa hili mpaka mwisho. Vita vya kwanza vya dunia vilipoisha 1918 aliahidi kuipa nchi yake picha kubwa za bwawa lake la mayungiyungi, na zikatengenezewa kabisa vyumba viwili vyenye umbo la yai pale kwenye makumbusho ya Orangerie, Paris, vikafunguliwa 1927, yeye akiwa ameshafariki miezi michache nyuma. Picha ni 8, kimo kama mita 2, ukiziunga zote zinakaribia mita 90, zimegundishwa kwenye kuta zilizopinda kwa hiyo hakuna kona ya jicho kwenda kupumzika, na mwanga ulitakiwa ushuke kutoka juu, jua likijificha na bwawa nalo linabadilika. Sasa miaka ya 1960 wakajenga ghorofa juu yake! Mwanga wa jua ukakatika, zikabaki taa. Rangi ilikuwa ileile, turubai zilezile, ila kile alichokipanga mzee kikawa hakipo tena. Baadaye ile ghorofa ikaondolewa, jengo likafunguliwa upya 2006, na muda wote wa ujenzi zile picha zilifunikwa humohumo ndani kwa sababu zimeshikana na ukuta. Mimi nasema pesa ile ilitumika vizuri, kurudisha mwanga ilikuwa ndo kurudisha picha.

Kuna nyingine zinakuchagulia hadi pa kusimama. Kanisa la Sant'Ignazio kule Roma halikujengewa kuba, basi Andrea Pozzo, bruda wa Kijesuti, mwaka 1685 akachora kuba la uongo kwenye turubai bapa likapandishwa darini. Sakafuni kuna alama ya marumaru, ukisimama hapo unaona kuba kweli limeinuka juu, ukitoka ukasogea mbele zaidi linaanza kuinama kama linataka kuanguka. Felice Varini, Mswisi, anafanya mambo ya jamii hiyo kwenye majengo mazima, 2018 aliweka miduara ya njano kwenye ngome ya Carcassonne, Ufaransa, ukiwa sehemu moja inakaa sawasawa, ukihama inavunjika kuwa vipande vilivyotapakaa kwenye kuta na minara. Kinachoziharibu kidogo ni macho yetu mawili. Kila jicho linaona kwa pembe yake kidogo na hapo ubongo unajua ukuta upi uko karibu na upi uko mbali, kwa hiyo ukikutana na mchoro wa aina hii funga jicho moja, utaona unavyokaa vizuri zaidi. Kamera nayo ina jicho moja, kwa hiyo hizi kwenye picha zinatoka safi sana, ila unapata lile umbo tu, ule wakati wa kuhama na kuliona linavunjika miguuni kwako hauupati.

Na jua la hapa kwetu pia lina mambo yake. Arusha tuko kama digrii 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa sita jua la mchana linapita upande wa kaskazini na mwezi wa 12 linapita kusini. Ukuta unaoutazama Meru unapigwa na jua katikati ya mwaka (siku mawingu yakikubali, mnaijua baridi ya Julai), na mwezi wa 12 unakaa kivulini. Na jua letu la saa sita linashuka karibu wima, linaparaza ukuta, kila bonge la plasta na kila mkwaruzo wa brashi unatupa kivuli chake. Ukitaka rangi nenda asubuhi au jioni, ukitaka kuona mkono wa fundi ulivyopita nenda mchana.

Kwa michoro ya ndani nenda Cultural Heritage, kituo cha sanaa hapa Arusha, barabara ya Dodoma. Galari yake inapanda kwa njia ya kuzunguka, kwa hiyo picha uliyopita ukiwa karibu unakuja kuiona tena kutoka juu, ng'ambo ya pili, na vile vidoti vya rangi ulivyoviona mwanzo vimeshaungana.

Ila ukiniuliza mimi, mkubwa wao wote ni Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya kale ya miambani, urithi wa dunia tangu 2006. Ile michoro myekundu imedumu kwa sababu walichora chini ya miamba iliyoinama, mvua haiwafikii wale watu na wanyama, na kuna sehemu wenyeji bado wanafanya matambiko yao. Huwezi kuihamishia makumbusho ya mjini, lazima upande kilima kwa miguu na jasho likutoke, halafu ukifika ukigeuka nyuma unaona mbuga yote aliyokuwa anaiona aliyechora. Toka Arusha unapita Babati, unashuka Kolo, ofisi ya michoro ipo palepale, unapewa mwongozaji mnaanza kupanda.