Mke wa Shujaa Hagombani kwa Sababu ya Saa

Miswada ya katuni za mashujaa inayozunguka hapa Mbeya, iwe imetoka Uyole au Mbalizi, ina ukurasa mmoja uleule. Usiku wa manane shujaa anaingia, shati limechanika, mke yuko kwenye kochi, chakula kimepoa. Puto la kwanza la maneno: "Umetoka wapi saa hizi?" Muulize mwandishi kwa nini huyu mama hana kazi nyingine maishani, atakujibu bila kupepesa macho: shujaa akishaoa hadithi imekwisha, kwa hiyo lazima ndoa iwe mzigo. Nimechoka na jibu hili.

Tuanze na kumbukumbu zilizopo. The Phantom, shujaa wa katuni za magazetini, alimwoa Diana Palmer mwaka 1977, wakapata mapacha, na bado anachapwa. Superman na Lois Lane walifunga ndoa 1996, wahariri wakaifuta 2011, na 2016 wakamrudisha Superman mwenye mke na mtoto. Spider-Man alioa 1987. Mwaka 2007 ndoa yake ikafutwa kwa mapatano na shetani aitwaye Mephisto ili shangazi May apone, na wasomaji hawajasamehe hadi leo. Halafu 2024 ikaanza Ultimate Spider-Man mpya, Peter, yaani Spider-Man mwenyewe, akiwa na mke na watoto wawili, na watu wakaigombania. Sasa hiyo hadithi iliyouawa na ndoa iko wapi?

Hadithi inauawa na ugomvi mbovu, na ugomvi wa saa ndio mbovu kuliko yote. Kuanzia ukurasa wa 4 hadi wa 9 msomaji amemwona mume akizuia kwa mabega lori lililofeli breki mteremko wa Iwambi, basi la abiria likiwa mbele yake. Ukurasa wa 10 mke anauliza alikuwa wapi. Msomaji jibu analo, na jibu lenyewe ni basi zima la watu waliofika salama. Mke ameshindwa kesi kabla hajafungua mdomo. Mwandishi anadhani ameonyesha wajibu ukigongana na familia, kumbe ameweka kwenye fremu moja mtu mwenye haki na mtu asiye na taarifa.

Kipimo changu ni kimoja: mpe mke taarifa zote. Kama baada ya hapo hana tena la kusema, hapakuwa na ugomvi, palikuwa na siri tu.

Ugomvi unaodumu unahusu uamuzi: nani aliamua, na kwa nini mwenzake hakuulizwa. Tazama Fantastic Four, katuni ya familia ya mashujaa, toleo la 141, la 1973. Nguvu za mtoto Franklin zinapanda hadi kutishia dunia. Baba yake, Reed Richards, anamfyatulia silaha inayoizima akili yake, na mama yake, Sue, hakuulizwa. Inawezekana kabisa hesabu za Reed zilikuwa sahihi, na hapo ndipo panapouma. Sue anakataa kuishi naye tena. Hakuna aliyeangalia saa, na msomaji hajui amtetee nani. Bahati mbaya toleo la 149 likawapatanisha kwa uvamizi wa kuigiza wa Namor, mfalme wa chini ya bahari, na swali la nani aliamua likafukiwa. Mimi hapo huguna.

Hata siri yenyewe ni uamuzi. Barry Allen, yaani the Flash, shujaa mwenye mbio, alimwoa Iris mwaka 1966 bila kumwambia yeye ni nani. Iris akajua usiku wa harusi, maana bwana huongea usingizini, na akakaa kimya mwaka mzima. Mwaka ule ulikuwa na hadithi kumi ndani yake na karibu zote hazikuandikwa.

Na sisi tuna kitu ambacho Wamarekani hawana, tunakiacha kijiweni: kikao. Sue anagombana na Reed, basi, yameishia hapo. Kwetu ugomvi wa siku tatu unafika kwa mshenga, wa wiki unafika kwa wazee. Chukua mfano huu. Adui ameijua nyumba, mume anamhamisha mtoto kimyakimya kwenda kwa bibi yake Makete. Mke anarudi kutoka kupakia viazi Isyonje, anakuta kitanda kitupu. Baba mkwe anaita kikao, mshenga anauliza: "Mwanangu, kwa nini ulimwondoa mtoto bila kumwambia mwenzio?" Mume hawezi kujibu bila kufichua kuwa yeye ni shujaa. Mke anaijua sababu, ana hasira nayo, na bado inabidi amdanganye baba yake mzazi ili kumlinda mume aliyemkosea. Unataka jini gani tena?

Kwenye ukurasa, mambo ni haya. Katika toleo la kurasa 20, ugomvi mkubwa upewe kurasa 3, fremu 5 kila mmoja, usizidishe. Kitanda kitupu kiwe fremu ya kwanza ya ukurasa wa namba shufwa, ili msomaji akione baada ya kugeuza karatasi. Ukikiweka upande wa kulia ameshakiona kabla hajafika. Anayeanza kusema akae kushoto, la sivyo mikia ya maputo itapishana. Msiwabadilishe pande katikati ya ugomvi. Na acheni kufuata kanuni ya maneno 25 kwa puto: hiyo ni ya Kiingereza. "Hukunishirikisha" peke yake inakula mstari mzima. Maneno 15, yakizidi puto linameza uso, na uso ndio unaogombana.

Kuna mahali wapinzani wangu wana hoja, na sijapata dawa yake. Ndoa inadai muda upite, na katuni ndefu huishi kwa kutopitisha muda. Franklin alizaliwa 1968 na miongo kadhaa baadaye bado alikuwa mtoto. The Phantom ana mlango wa kutokea, kwa kuwa mwana hurithi vazi la baba. Wengine hawana. Labda mfululizo usio na mwisho hauwezi kweli kubeba familia. Mimi huegemea kusema unaweza kwa matoleo 60 hivi, zaidi ya hapo sijui. Kwa hiyo andika umri wa mtoto kwenye jalada la mswada kabla ya kuchora chochote, na uongeze mwaka mmoja kila matoleo 12. Kama huwezi kulitii hilo, waache wakae wawili kwanza.