Kipande cha RNA kinachoziba mfereji

Kwetu Kibosho, juu ya Moshi, migomba hunyweshwa kwa zamu kutoka kwenye mfongo, yaani mfereji wetu wa asili. Jua likikaza, mwenye zamu hukata kipande cha mgomba, akakishindilia tope, akaziba mlango wa mfereji ili maji yaliyobaki yafike panapostahili. Nalikumbuka jambo hilo kila ninapofungua friza ya RNA (molekuli za seli zinazosaidia kutengeneza protini) maabara, maana seli nayo huziba mfereji wake kwa kipande cha chombo kinachoutumikia.

Mfereji ninaousema ni utengenezaji wa protini, mojawapo ya kazi zinazokula nishati nyingi zaidi ya seli. RNA jumbe hubeba maagizo, ribosomu, mashine ya kuunda protini, huyasoma, na RNA chukuzi huleta asidi amino, matofali ya protini, moja moja. Seli ikibanwa na joto kali au kemikali kama arseniki, kimeng'enya kiitwacho anjiojenini hukata baadhi ya RNA chukuzi katikati. Hupatikana nusu mbili, kila moja ikiwa na nyukleotidi, yaani viungo vya mnyororo wa RNA, 30 hadi 40 hivi.

Wengi hudhani protini hupungua kwa kukosa wachukuzi. Sivyo. Zinazokatwa ni chache, na zilizobaki zinatosha. Wanaofanya kazi ni vile vipande vyenyewe. Baadhi ya nusu za mwanzo, zenye mfululizo wa guanini (mojawapo ya herufi nne za RNA) kwenye ncha, huzibandua protini zinazoshika kofia ya RNA jumbe, iliyo kwenye ncha yake ya mwanzo. Bila protini hizo, ribosomu hupata shida kuanza kusoma. RNA jumbe zilizokwama hukusanyika kwenye vichembe vya muda, zikingoja. Nyingi haziharibiwi, na hilo ndilo linalonivutia kuliko yote: dhiki ikipita, usomaji hurejea.

Bakteria wana njia yao. E. coli akikosa madini ya chuma hutoa RNA fupi iitwayo RyhB, yenye nyukleotidi 90 hivi. Kwa msaada wa protini Hfq, hujibandika kwenye RNA jumbe za protini zinazotumia chuma, mara nyingi palepale ribosomu inapotakiwa kukaa. Huyu hangoji: RNA jumbe hizo huvunjwa.

Nilipokuwa mwanafunzi niliviona vipande vya RNA chukuzi chini kabisa ya jeli inayotenganisha RNA kwa ukubwa, kila sampuli kwenye mstari wake, kama ukungu hafifu. Niliandika daftarini "RNA imeoza", nikatupa sampuli. Hadi leo naumia. Mstari ule ulikuwa wa seli zilizopashwa joto. Ule wa kando yake, wa seli zilizotulia, haukuwa na ukungu wowote.