Rundo la Madaftari Mezani

Walimu wapya ninaowalea kazini huniuliza kwanza habari ya nidhamu: mtoto akileta fujo nifanyeje? Ni swali la haki. Lakini kwa miaka niliyofundisha hesabu nimeona kuwa kinachowamaliza walimu wengi nguvu hakipo darasani. Kipo mezani kwao, kimepangwa marundo manne.

Tupige hesabu. Mwalimu ana mikondo minne, kila mmoja una wanafunzi 45. Hayo ni madaftari 180. Kila daftari ukilipa dakika 3 tu, zoezi moja linakula dakika 540, yaani muda wa saa 9. Na hapo hujaandaa somo la kesho, hujajaza mahudhurio, hujaitwa kikaoni, na mzazi anayetaka kujua kwa nini mwanawe ameshuka bado anakusubiri nje. Ukitoa mazoezi matatu kwa wiki, ama utakesha, ama utapiga vema bila kusoma. Nimeyafanya yote mawili. La pili ndilo linaloniuma hadi leo, kwa sababu watoto hulitambua upesi, na wakishalitambua huacha kujibidiisha.

Kusahihisha ni kutafuta mahali wazo la mtoto lilipopinda. Chukua mwanafunzi aliyeandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Hakufanya uzembe. Amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kwa sababu kujumlisha ndivyo alivyokuzoea tangu darasa la kwanza. Ukimpiga kosa kwa kalamu nyekundu, atajua amekosa, basi. Mimi huandika swali pembeni: "2/5 na 1/2, ipi kubwa?" Akilifanyia kazi anakuta kwamba alianza na nusu, akaongeza kitu, akaishia na pungufu ya nusu. Hapo hushtuka mwenyewe, na mshtuko huo haumtoki haraka. Ndivyo ilivyo pia kwa yule anayesema 0.25 ni kubwa kuliko 0.3 kwa kuwa 25 inaizidi 3: ana kanuni kichwani, tena anaifuata kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe si ya desimali.

Sasa, maswali ya namna hiyo huwezi kuyaandika kwenye madaftari 180 mara tatu kwa wiki. Kwa hiyo nachagua zoezi moja la wiki la kusoma kwa makini. Mengine tunayasahihisha pamoja darasani, mimi ubaoni, wao kwenye madaftari yao. Hata hilo moja siliendei kichwakichwa. Nachomoa kwanza madaftari kumi, ya wenye uwezo mkubwa, wa kati na wa chini, nayasoma bila kuandika chochote. Mara nyingi makosa ya darasa zima huwa ya aina tatu au nne tu. Nikishayajua, yaliyobaki nayapanga kwa aina ya kosa, na swali la pembeni linakuwa lile lile kwa rundo zima. Kipindi kinachofuata nakianzia kwenye rundo nene zaidi.

Kwenye zoezi hilo siweki alama. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha matokeo ya kulinganisha wanafunzi waliopewa maoni peke yake, waliopewa alama peke yake, na waliopewa vyote viwili. Waliopata maoni peke yake ndio waliosonga mbele; kuongeza alama kulifuta faida ya maoni. Sikushangaa. Mtoto akiona 4/10 anachungulia daftari la jirani, kisha analifunga lake. Alama nazitunza kwa ajili ya majaribio, na mkuu wa shule au mzazi akihoji, namweleza sababu na kumwonyesha daftari.

Kuna na sauti, ambayo vyuoni haizungumzwi vya kutosha. Koo ndilo jembe letu. Usishindane na kelele. Nyamaza, sogea karibu na wanaoongea, kunywa maji kati ya vipindi. Ukimya una kazi nyingine tena: Mary Budd Rowe, aliyepima madarasa ya sayansi Marekani, alikuta walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kudakia. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watoto wengi zaidi walijitokeza. Jaribu kuhesabu sekunde hizo kimoyomoyo mbele ya darasa. Mara ya kwanza utaziona ndefu mno.

Wiki iliyopita nilikuwa nikipitia rundo la sehemu. Chini ya swali langu la "ipi kubwa?" binti mmoja, ambaye darasani hanyooshi mkono, alikuwa amechora mistatili miwili, mmoja ameugawa mara mbili, wa pili mara tano. Kisha amekata 2/5 kwa mstari mmoja na kuandika: "Mwalimu, haiwezekani. Ngoja nirudie." Mstari unaofuata ulikuwa 3/6 + 2/6 = 5/6.