Ushirika ndio unaobeba miaka ya mpito

Wakulima wananiuliza swali moja mara kwa mara: kama nataka kuacha dawa za viwandani na kurudishia shamba langu rutuba, chama cha ushirika ni cha kazi gani kwangu? Shamba ni langu, jembe ni langu. Ni kweli kabisa. Lakini kilimo kinachotunza udongo kina gharama ambayo huioni kwenye orodha ya pembejeo, nayo ni muda. Mboji na mikunde hazirudishi fedha msimu ule ule. Kanuni za Umoja wa Ulaya za kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia dawa na mbolea za viwandani, kwa mfano, zinataka shamba la mazao ya msimu lipitie mpito wa kulimwa kwa kufuata kanuni hizo kwa angalau miaka 2 kabla ya kupanda zao litakalouzwa kama la kilimo hai, na la mazao mengi ya kudumu miaka 3 kabla ya kuvuna zao la namna hiyo. Muda wote huo mavuno yanaweza kushuka, na bado mkulima haruhusiwi kuyauza kama mazao ya kilimo hai. Karo ya watoto nayo haisubiri.

Mtu mmoja akiubeba mzigo huo peke yake, mara nyingi anautua njiani. Kwangu mimi, kazi ya kwanza ya ushirika katika kilimo endelevu ni kuugawa.

Chukua suala la cheti cha kilimo hai. Mkulima mdogo akimwita mkaguzi peke yake, ada inaweza kumeza faida yote. Kikundi kinapata cheti kimoja kwa wote, kwa sharti kwamba kiwe na mfumo wake wa udhibiti wa ndani. Kila mwanachama ana jalada lake: ramani ya shamba, mazao yaliyomo, pembejeo alizotumia na mkataba aliosaini. Mkaguzi wa ndani hutembelea kila shamba kila mwaka. Kisha mkaguzi wa nje anachagua baadhi ya mashamba, anaenda mwenyewe, na kulinganisha alichokiona na kilichoandikwa.

Kitu anachokitazama kwa makini kuliko vyote ni makadirio ya mavuno dhidi ya kilo zilizopokelewa ghalani. Mwenye nusu ekari akileta mzigo wa ekari mbili, zile za ziada ni za nani, na zimepuliziwa nini? Gunia moja la kuazima kwa jirani asiye mwanachama linaweza kuwanyima cheti watu wote. Ndiyo maana kwenye kikundi kama hiki shamba la mwenzako linakuhusu. Kanuni hizo za Ulaya sasa zinataka kikundi kisizidi wanachama 2,000. Wapo wanaolalamika. Mimi naliunga mkono sharti hilo, kwa sababu kikundi kikiwa kikubwa mno, ukaguzi wa ndani huishia kuwa fomu zinazojazwa mezani.

Sasa fedha, ambako vyama vingi hufia. Utaratibu wa kawaida ni malipo ya awali mzigo unapopokelewa, kisha malipo ya pili mazao yakishauzwa na gharama kuondolewa, kila mmoja kwa kadiri ya kilo alizoleta. Kati ya malipo hayo mawili ndipo mchuuzi anapobisha hodi na noti mkononi. Viongozi wengi hujibu kwa vitisho na faini. Sikubaliani nao. Mwanachama anayeuza pembeni mara nyingi ana shida ya leo, au haamini kwamba malipo ya pili yatakuja. Shida ya leo inatibiwa na mfuko wa kukopeshana. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyekuwa meya, aliliona hilo Ujerumani, na mwaka 1864 akaanzisha chama cha mikopo huko Heddesdorf, wakulima wakidhaminiana wenyewe kwa wenyewe. Imani nayo inajengwa na mizani ambayo mwanachama anaisoma kwa macho yake, na stakabadhi inayoonyesha kilo, daraja, kiasi alicholipwa na bei iliyotumika.

Walaji nao wana nafasi yao, tena tangu zamani. Waanzilishi 28 wa duka la ushirika la Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, waliuza unga na siagi isiyochakachuliwa wakati ambapo kuchanganya chakula na takataka lilikuwa jambo la kawaida sokoni, na ziada waliigawa kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Japani, Seikatsu Club, ushirika wa walaji, ilianza mwaka 1965 kwa akina mama kununua maziwa kwa pamoja. Hadi leo wanachama wake wanaagiza kabla na kukubaliana na wazalishaji namna chakula kitakavyozalishwa. Oda ya mapema ina thamani kubwa sana: mkulima anapanda akijua kuna mtu anayengoja mazao yake, hivyo anaweza kuthubutu kubadilisha mzunguko wa mazao.

Ukitaka kujiunga na chama, usianze na kaulimbiu ukutani. Omba taarifa ya ukaguzi wa hesabu ya mwaka uliopita na muhtasari wa mkutano mkuu wa mwisho. Uliza malipo ya pili yalitoka mwezi gani, na nani aliamua kiasi gani kibaki kwenye akiba. Kisha zungumza na mwanachama aliye mbali zaidi na ofisi, umuulize mkaguzi wa ndani alifika lini shambani kwake.