Kabla Geti Halijafunguliwa: Usalama wa Watu Kwenye Mikusanyiko Mikubwa

Watu wakipoteza maisha kwenye tamasha, mechi au ibada kubwa, taarifa hutoka na neno moja: mkanyagano. Silipendi neno hilo. Ukilisikia tu, unawaona watu waliokosa ustaarabu wakikanyagana wenyewe kwa wenyewe, na mwandaaji anapata mahali pa kujificha. Ukweli ni kwamba wengi wanaokufa kwenye msongamano hufa wamesimama. Kifua hubanwa mbele na nyuma mpaka kinashindwa kutanuka, pumzi inakatika. Mahali pa namna hiyo hata mguu wa kumkanyagia mwenzako huwezi kuuinua.

Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa mpira wa Hillsborough mjini Sheffield, Uingereza, geti la kutokea lilifunguliwa ili kupunguza msongamano uliokuwa nje. Waliopita hapo wakaingia moja kwa moja kwenye ujia uliokwenda hadi vizimba vya katikati, yaani sehemu za mashabiki kusimama zilizozungushiwa uzio, ambavyo tayari vilikuwa vimejaa. Ujia huo haukufungwa. Idadi ya waliokufa imefikia 97. Mashabiki walilaumiwa kwa miaka mingi, hadi mwaka 2016 jopo la uchunguzi wa vifo lilipoamua kwamba wahanga waliuawa isivyo halali, na kwamba mwenendo wa mashabiki haukuchangia maafa hayo. Familia zilisubiri miaka 27 kusikia maneno hayo.

Naanzia hapa kwa sababu mwandaaji anayeamini kuwa hatari ni tabia ya watu ataongeza mabaunsa. Anayejua kuwa hatari ni nafasi atatafuta futi kamba.

Kwenye mafunzo yetu kuna zoezi ambalo nawaomba waandaaji wote walifanye. Chora chini kwa chaki mraba wenye mita moja kila upande. Ingiza watu wanne. Watasimama vizuri, watageuka, watapishana kidogo. Mwongeze wa tano: mabega yanagusana, na kila mmoja anaanza kujali mikono aiweke wapi. Akiingia wa sita, mwambie mmoja wao aokote simu iliyoanguka. Hawezi kuinama. Wakifika saba, mtu hana tena uamuzi juu ya mwili wake. Umati unakwenda kama maji, mawimbi yanawabeba watu mita kadhaa bila mtu yeyote kusukuma kwa makusudi. Ukishasimama ndani ya mraba ule, huhitaji kushawishiwa tena. Na kazi ya msimamizi ni kuchukua hatua pale watu wanapokaribia watano. Akingoja saba amechelewa, kwa sababu wakati huo hata mwokoaji hawezi kupenya.

Kwa hiyo idadi ya tiketi isitokane na bajeti. Pima eneo, toa sehemu ya jukwaa, mahema, vyoo, njia za huduma na kila kona ambayo haioni jukwaa, kwa sababu hakuna atakayekaa huko. Kinachobaki ndicho eneo halisi. Kwa matamasha ya nje, kanuni inayotumika sana ni nusu mita ya mraba kwa kila mtu. Hata hapo usidanganyike na wastani: nyuma watu watatandaza miguu wakati mbele ya jukwaa wamebanana. Ndiyo maana eneo la mbele hugawanywa kwa vizuizi imara, ili wimbi lisisafiri kutoka nyuma hadi mbele.

Kisha milango. Mwongozo wa usalama wa viwanja vya michezo wa Uingereza unakadiria kwamba kwenye njia tambarare, kila mita moja ya upana hupitisha watu wasiozidi 82 kwa dakika. Kwenye ngazi ni 66. Chukua watu 10,000 wanaotakiwa kutoka ndani ya dakika 8. Kila mita ya upana itapitisha watu 656 katika muda huo, kwa hiyo unahitaji kama mita 15 na robo. Mageti manne ya mita nne nne yanatosha kwenye karatasi. Sasa funga moja. Watu zaidi ya 2,100 watakuwa bado ndani dakika zikiisha.

Hilo geti moja si la kufikirika. Miaka kadhaa iliyopita nilikagua eneo la mkusanyiko saa mbili kabla ya watu kuingia. Ramani ilikuwa nzuri, imechorwa kwa rangi, milango ya dharura imeandikwa namba. Nilipofika kwenye namba tatu nikakuta mnyororo na kufuli. Mlinzi aliniambia wamefunga ili watu wasiingie bila tiketi. Ufunguo? Anao mwenzake, ameenda kula. Simu ya mwenzake ilikuwa imezimwa. Nilisubiri pale dakika 25 mpaka alipotokea, na muda wote huo nilikuwa nalitazama lile kufuli, dogo, limeshika kutu pembeni. Kama mtu akikuonyesha ramani, mshukuru, kisha mwombe mtembee pamoja mpaka kwenye kila mlango na umwone akiufungua kwa mkono wake. Mlango wa dharura anawekwa mtu, hauwekwi kufuli.

Na usifanye njia moja kuwa ya kuingilia na ya kutokea. Tarehe 24 Julai 2010, kwenye tamasha la Love Parade mjini Duisburg, Ujerumani, wanaoingia na wanaotoka walikutana kwenye njia ileile ya mteremko iliyounganishwa na mahandaki. Vijana 21 walikufa mchana kweupe.

Suala linalonisumbua zaidi kuliko yote ni hili: nani mwenye mamlaka ya kusimamisha shughuli? Ukiuliza kwenye kikao cha kamati, watu hutazamana. Mmoja atasema polisi, mwingine mwandaaji, mwingine mmiliki wa uwanja. Agosti 2011, kwenye maonyesho ya jimbo la Indiana, Marekani, dhoruba ilikuwa inakuja na wahusika walikuwa na taarifa za hali ya hewa mkononi. Majadiliano yaliendelea, tangazo la watu kuondoka likachelewa, upepo ukaangusha paa la jukwaa juu ya umati. Watu saba walikufa. Andikeni jina la mtu mmoja na la msaidizi wake, waambieni wote, msanii na wasimamizi wake wakiwemo. Andikeni pia kipimo kitakachomlazimu kuamua: upepo ukifika kasi fulani, jukwaa linaachwa wazi; radi ikikaribia kiasi fulani, watu wanatolewa. Fundi aliyefunga jukwaa anajua linastahimili upepo gani. Muulizeni, na awape jibu kwa maandishi.

Mwenye mamlaka hayo ya kusimamisha anahitaji macho. Seoul, usiku wa tarehe 29 Oktoba 2022, watu waliokuja kwenye sherehe za Halloween walijaa kwenye uchochoro wa mtaa wa Itaewon wenye upana wa kama mita tatu tu. Simu ya kwanza ya kuonya polisi ilipigwa saa 12:34 jioni, karibu saa nne kabla ya maafa. Waliopoteza maisha ni 159. Hakukuwa na mwandaaji mmoja aliyesimamia sherehe zile, lakini taarifa zilikuwepo, zilitoka kwa watu waliobanwa. Mtu akimwambia mlinzi wako kwamba hawezi kupumua, mlinzi asimjibu avumilie. Apeleke neno hilo kwenye redio papo hapo, na upande wa pili awepo wa kulipokea.

Mshereheshaji naye ni sehemu ya mpango. Kelele zikipanda asiambiwe abuni cha kusema. Maneno yawe yameandikwa na ayafanyie mazoezi. Mfano: "Tunasimama kwa muda. Wote mlio nyuma, geukeni, rudini hatua tano. Walio mbele, msisogee. Mkimwona mtu ameanguka, inueni mikono juu." Angalia kwamba anaanza na walio nyuma. Walio mbele wanajua wanaumia, ila hawana pa kwenda; walio nyuma ndio wenye nafasi, na hawaoni chochote isipokuwa mabega ya wenzao. Muziki ukizimwa na taa za umati zikawashwa, watu husikia. Kurusha zawadi kwenye umati au kutangaza kwamba mageti yanakaribia kufungwa, hayo yasifanyike kabisa.

Mengine nitayapitia haraka kwa kuwa wengi wanayajua, japo kuyajua si kuyafanya: gari la wagonjwa liwe na njia yake isiyopitiwa na umati, jenereta na mafuta yake vizungushiwe uzio, nyaya zisipite sakafuni bila kufunikwa, maji ya kunywa yapatikane bila foleni ndefu, na pawe na mahali panapojulikana pa kupeleka mtoto aliyepotea.

Mwisho wa shughuli ndio unaosahaulika. Januari 1971, katika uwanja wa Ibrox mjini Glasgow, watu 66 walikufa kwenye ngazi wakati wa kuondoka, mechi imeshakwisha. Nimeona mara nyingi wimbo wa mwisho ukipigwa, wafanyakazi wakaanza kubomoa vizuizi, walinzi wakivua makoti, na taa za pembeni zikizimwa kuokoa mafuta, hali maelfu bado wako kwenye njia za giza. Mkataba wa walinzi uandikwe kwamba zamu inaisha pale mtu wa mwisho atakapokuwa ametoka nje ya geti, na wa kuzima taa awe yule yule mwenye mamlaka ya kusimamisha shughuli, baada ya kuzunguka eneo lote kwa miguu na tochi yake.